Hii ya Nani

Nilimsikia kaka yangu redioni nikiwa nimekaa kwenye benchi la fundi baiskeli, nangoja anizibie pancha. Miaka tisa nilikuwa sijamwona wala kumsikia, lakini nilimjua kabla hajamaliza sentensi ya kwanza. Kaka ni fundi cherehani kama alivyokuwa baba yetu, na mafundi cherehani wa nyumba yetu huongea kwa kubana midomo kama mtu aliyeshika pini kwa meno, hata siku ambazo pini zenyewe hazipo.

Kilikuwa kipindi cha wazee wanaokumbuka vita. Alieleza jinsi wanajeshi wa kigeni walivyoingia mjini kwetu wakakaa miaka mitatu, na jinsi mama alivyolazimishwa kuwashonea vifungo vya makoti yao chumba cha mbele, huku baba akiwa mfungwa wa vita huko mbali, hajulikani yu hai au alishakufa. Yote hayo nilikuwa nayajua. Nimekua nayasikia mpaka yakaota mizizi masikioni. Kisha akafika kwenye mkate.

"Baba aliporudi kutoka kambini," akasema, "hakuweza kuona mkate unagawiwa hivi hivi tu. Kambini kwao mkate mmoja ulikuwa wa watu kumi na wawili. Basi mmoja anageuka anatazama ukuta. Mwingine anaelekeza kisu kwenye kipande, anauliza, hii ya nani? Yule wa ukutani anataja mtu bila kuona. Hakuna wa kulalamika. Nyumbani akaendelea hivyo hivyo, kila jioni. Na aliyekuwa anasimama ukutani ni mimi."

Nikainuka.

"Vipi mzee," fundi baiskeli akasema, "umekalia msumari?"

"Huyo anayeongea ni mwizi."

"Kaiba nini?"

Utamwelezaje mtu mwenye mikono ya grisi kwamba umeibiwa ukuta?

Mimi nilizaliwa miezi kumi baada ya baba kurudi. Kaka kanizidi miaka sita. Ndani ya nyumba ile kila mtu alikuwa na vita vyake isipokuwa mimi. Mama alikuwa na vita vya vifungo na nyuzi, vya kupima kifua cha adui kwa tepu huku anahesabu pumzi zake mwenyewe. Baba alikuwa na vya kambini, ambavyo hakuvisema lakini vilionekana: alilala na viatu chini ya mto, na akimaliza kula aliokota makombo mezani kwa ncha ya kidole, moja moja, mpaka meza inabaki kama imepigwa deki. Kaka alikuwa na vita vya chini ya meza. Miaka ile alikuwa akikaa chini ya meza ya kukatia vitambaa na kopo la vifungo, anaziona buti za wageni zinaingia na kutoka, na mpaka leo atakwambia ipi ilikuwa ya ofisa na ipi ya mpishi. Siku moja mwenye buti mojawapo aliinama akampa donge la sukari. Donge hilo nimelisikia mara elfu. Nimelionea wivu kuliko nilivyowahi kumwonea mtu mkewe.

Nikijaribu kuchomeka neno, mama alikuwa anasema, bila ubaya wowote, "Wewe hukuwepo." Alisema hivyo kama mtu anavyokwambia umevaa shati nje ndani. Kaka yeye akanibatiza Kiporo, yaani kilichobaki sufuriani watu walipokwisha kula, na jina likaganda mpaka kwa walimu.

Mtu anaweza kuonea vita wivu? Anaweza. Mimi nilivionea.

Nilichopewa ni ukuta tu. Kuanzia nina miaka minne, kila jioni baba aliukata mkate vipande vinne, akanishika mabega, akanigeuza. Ukuta ule naujua kuliko ninavyoujua mkono wangu. Kulikuwa na msumari uliotundikwa tepu, na chini yake ufa uliopinda kama uzi uliofumuka, na alama ya bega langu iliyopanda mwaka hadi mwaka. Nyuma yangu kaka anauliza, "Hii ya nani?" Nami najibu. Ya Baba. Ya Mama. Ya Kaka. Yangu. Kisha nageuka, nakuta nimepata ncha, ule mwisho mkavu wa mkate, na kaka ana kipande cha katikati, kimevimba kama mto.

Yeye alikuwa upande wa taa, kando ya baba, kisu mkononi. Mimi nilikuwa natazama chokaa. Shuleni wanaotazama ukuta walikuwa watoto waliokosa, kwa hiyo nikajihesabu mkosaji. Siku moja nilimuuliza baba nimekosa nini.

"Hujakosa kitu," akasema. "Ndiyo maana."

Jibu gani hilo kumpa mtoto.

Nilipofika miaka kumi na saba nikaondoka. Nimepika melini, nimelinda maghala, nimepanga mawe ya reli, nimeuza miwani ya kusomea kwa watu wasiojua kusoma. Shule yangu ni ya viraka: mwaka huku, miezi sita kule, na iliyobaki nimeisoma kwenye magazeti yaliyofungiwa samaki. Na kote nilikopita, watu walipoanza habari za vita, nami nilikuwa na langu. Baba yangu alikuwa mfungwa, ningesema, na mimi ndiye niliyekuwa nasimama ukutani. Watu wakanisogezea kiti. Nimenyweshwa chai nchi nzima kwa ukuta ule.

Sasa kaka, mwenye sukari, mwenye buti, mwenye cherehani ya baba na nyumba ya baba, kautia mfukoni na huo.

Baiskeli nilimwachia fundi. Nilisafiri siku mbili.

Shemeji yangu ndiye aliyefungua mlango. Akanitazama kuanzia kofia mpaka viatu, na viatu ndivyo vilivyomchukua muda.

"Kiporo," akasema. "Umekuja na mvua au umekuja na shari?"

"Vyote viwili, shemeji."

"Basi kung'uta miguu kwanza."

Kaka alikuwa chumba cha mbele, nyuma ya cherehani, miwani imefungwa kwa uzi wa suruali. Meza ya kukatia ilikuwa pale pale. Ukuta nao ulikuwa pale pale, ila umepakwa rangi ya maziwa na ufa umezibwa. Hilo nalo liliniuma, kana kwamba ameniziba mimi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umekonda."

"Nawe umesikika."

Mguu wake ukasimama juu ya pedeli. Hakuuliza nimesikia nini.

"Ulikuwa na donge la sukari," nikamwambia. "Ulikuwa na buti. Ulikuwa na Mama miaka sita peke yako. Umebaki na meza, umebaki na nyumba, na mimi sikudai hata kifungo. Ukuta ulikuwa wangu."

"Ilinitoka tu," akasema.

"Haikukutoka. Niliisikia. Ulivuta pumzi kwanza."

Shemeji akaingilia. "Bora umekuja leo. Yule dada wa makumbusho anakuja saa kumi na kamera yake. Wanaweka picha ya baba mkwe ukumbini, na chini yake maelezo ya mkate. Wanataka kuandika nani alikuwa nani."

"Vizuri," nikasema. "Nitamwambia mimi nilikuwa ukutani na kaka alikuwa anashika kisu. Waandike hivyo."

Kaka akavua miwani. Bila miwani alifanana na baba mpaka nikatazama pembeni.

"Usimwambie hivyo," akasema.

"Kwani kushika kisu kuna aibu gani?"

Akamgeukia mkewe. "Mama watoto, hebu katutazamie maji ya chai."

"Nimelala na siri hiyo miaka hamsini, inakoroma katikati ya kitanda," shemeji akasema, "halafu leo inaamka mnifukuze?" Akavuta kigoda akakaa.

Kaka akaanza kukunja kipande cha kitambaa kisichohitaji kukunjwa.

"Ulikuwa unataja kwa mpangilio mmoja," akasema. "Baba, Mama, Kaka, yangu. Kila siku. Hukubadilisha hata mara moja. Mimi nilikuwa na miaka kumi, ilinichukua wiki moja kugundua. Basi kile kikubwa nikawa nakielekezea cha tatu. Cha nne nakuachia ncha."

Nilikaa juu ya meza ya kukatia, kitu ambacho kwa baba kingenipatia kofi.

"Na Baba hakuona?"

"Kambini wote walikuwa wanamtazama wa ukutani, asije akageuza shingo. Mwenye kisu hakuna aliyemtazama. Nyumbani nako ikawa vile vile, watu wote macho kwenye kisogo chako. Halafu siku moja Baba akanishika kiganja, kisu kiko hewani."

"Nakumbuka kimya," nikasema. Kweli nilikumbuka. Nilikuwa na kama miaka tisa. Nilikuwa nimeshasema ya Mama, swali la tatu likachelewa, likachelewa, mimi nikauhesabu ufa kutoka juu mpaka chini na kurudi.

"Ndiyo siku hiyo. Baada ya chakula akanibakiza humu ndani. Nikavua shati, nangoja mkanda. Akasema vaa shati lako. Akakaa pale kwenye robota la vitambaa. Akasema, na mimi."

"Na yeye nini?"

"Yeye ndiye aliyekuwa anashika kisu kambini, Kiporo. Ukutani alisimama rafiki yake, mfungwa mwenzake waliyemwita Kinyozi. Walikuwa na mpango. Baba akigonga kisu kidogo kwenye ubao kabla ya kuuliza, Kinyozi anajua hiki ni kinono. Leo anajitaja yeye, kesho anamtaja Baba. Wengine kumi hawakujua mpaka mwisho. Wawili katika hao kumi hawakurudi makwao."

Shemeji alikuwa anatazama sakafu. Alikuwa anaijua hadithi lakini aliisikiliza tena.

"Walikufa kwa sababu hiyo?" nikauliza.

"Hakusema walikufa kwa sababu hiyo. Hakusema pia kwamba siyo."

"Na kwa nini hakukunyang'anya kisu?"

"Nilimwomba aninyang'anye. Akakataa. Akasema utakishika kila siku na mimi nitakutazama mkono. Miaka minane, Kiporo. Mpaka ulipoondoka. Wewe unatazama ukuta, mimi natazamwa mkono. Nilimwambia tubadilishane na mdogo wangu, nikamlilia, mtu mzima nina ndevu. Akasema hapana. Pale ukutani anasimama yule ambaye hakuwepo."

Ningetegemea kufurahi. Miaka sitini nimelibeba neno lile kama jiwe kwenye kiatu, kumbe baba alikuwa anaweza kulitamka kama sifa. Lakini roho ya mtu haina adabu. Kilichonijia kwanza ni hiki: baba alimbakiza kaka humu ndani, akafunga mlango, akampa vita vyake halisi, vile ambavyo hata mama sidhani kama alivijua. Mimi alinigeuza mabega. Donge la sukari nililionea wivu ujana mzima, na hili sasa lilikuwa kubwa kuliko lile.

"Kwa hiyo uliniibia miaka minne," nikasema, maana lazima niseme kitu.

"Minne na nusu. Lakini kuanzia siku ile kikubwa nilikuwa nakuelekezea wewe."

"Uongo. Nilikula ncha mpaka siku naondoka."

"Ncha nene."

"Ncha ni ncha."

"Ulikuwa huangalii tena," kaka akasema. "Ulikuwa umeshajua ni ndogo, basi ukaila ndogo."

Nikamuuliza basi kwa nini redioni.

"Wivu," akasema, kama anavyotaja saizi ya shingo. "Mtangazaji aliniuliza, na wewe ulikuwa unafanya nini? Nikaona nitasema nilikuwa nashika kisu, halafu atauliza kisu kilifanyaje, halafu atafika kwa Baba, na picha yake inawekwa ukumbini. Na nilikuwa nimeutamani ukuta ule toka utoto. Nikasema Kiporo yuko kona gani ya dunia huko, hatasikia."

"Nilikuwa kwa fundi baiskeli."

"Haya sasa."

Mlango ukagongwa. Dada wa makumbusho alikuwa binti mchangamfu, mabegi matatu begani, na alipoambiwa mimi ni mdogo wake kaka, mtoto wa pili wa yule mfungwa, akafurahi kama aliyeokota pochi. Akafunga kamera kwenye miguu yake mitatu. Akatupanga. Alikuwa amekuja na mkate wake kabisa, kwenye karatasi.

"Naomba mnionyeshe," akasema. "Vile vile kama zamani. Babu, wewe utasimama ukutani. Nawe babu mdogo utashika kisu, sivyo?"

Kaka akanitazama. Nikasogea mezani. Shemeji akaukata mkate vipande vinne, cha mgeni, chake, chetu wawili, na mkono wake hauna mizani: kimoja cha katikati kilitoka kimenona, na ncha moja ikatoka nyembamba kama soli ya ndala. Kaka akaenda ukutani. Akaweka mikono nyuma. Kisogo chake kilikuwa chembamba, chenye mikunjo miwili, na shati lake, mtu anayeshonea mji mzima, lilikuwa limefumuka kwenye kola.

Kutoka upande ule ukuta ni mdogo. Sikuwahi kujua. Mtu anayesimama pale anaonekana kama kitu kilichosahauliwa wakati wa kuhama.

Nikashika kisu. Na hapa niseme ukweli, kwa sababu kwenye kamera haukuonekana. Nilifikiri haraka kuliko nilivyowahi kufikiri maishani. Kaka ni mtu wa adabu mbele za watu, ataanza na mgeni, atafuata mkewe, kisha mimi niliyetoka safari, na mwisho atajitaja yeye. Basi mkono wangu ukakiruka kile kinono ukakiweka cha tatu. Ile soli ya ndala nikaibakiza ya nne. Nilitaka ale ncha. Siku moja tu, mbele ya kamera, ale ncha.

Hakuna aliyenitazama mkono. Dada wa makumbusho alikuwa ameielekeza kamera kwenye kisogo cha kaka.

"Hii ya nani?"

"Ya mgeni," kaka akasema ukutani.

"Hii ya nani?"

"Ya mama watoto."

Nikakielekeza kisu kwenye kinono. Sauti yangu ilikuwa ya mtoto.

"Hii ya nani?"

Akachelewa. Sijui alikuwa anahesabu nini pale kwenye rangi ya maziwa, ufa haupo tena.

"Ya Kaka," akasema.

Kikabaki kimoja. Sikuhitaji hata kuuliza, lakini niliuliza.

"Ya Kiporo."

Alikuwa ametaja kwa mpangilio wangu. Hakufanya kusudi, nilimwona usoni alipogeuka. Mpangilio ule ulikuwa umemkaa kichwani tangu ana miaka kumi, na aliposimama mahali pangu akautoa mzima mzima kama nilivyokuwa nautoa mimi. Akaona kinono kwenye sahani yake na ncha kwenye yangu. Kisha akatazama mkono wangu ulioshika kisu. Akautazama kwa muda. Shemeji naye akautazama, akakohoa, akaanza kumimina chai ambayo vikombe vyake vilikuwa vimeshajaa.

"Nzuri sana," dada wa makumbusho akasema. Taa nyekundu ya kamera bado inawaka. "Na wewe babu mdogo, enzi hizo ulikuwa unasimama wapi?"

Nilikuwa nimesafiri siku mbili kulijibu swali hilo. Kaka aliinama, kidole chake kikaanza kuokota makombo mezani, moja moja.

"Mimi nilikuwa nashika kisu," nikasema.

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na hakukuwa na udanganyifu wowote? Mtoto na mkate, unajua tena."

"Kidogo," nikasema. "Nilikuwa namwonea kaka wivu."

Akacheka, akaandika. Nikaona kalamu inaandika kisu kando ya neno mdogo, na ukuta kando ya neno mkubwa, na hivyo ndivyo itakavyokaa ukumbini chini ya picha ya baba, kwa yeyote atakayepita. Roho iliniuma. Bado inaniuma.

Kaka akaisukuma sahani yake kuelekea kwangu kwa kidole kimoja, taratibu, ili isionekane kwenye kamera. Nikairudisha.

"Umetajwa," nikamwambia. "Kula."

Akala. Nami nikaichukua ncha yangu, nikaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, upande huu na upande ule, nikaipima kwa kidole gumba kama fundi anavyopima pindo. Ilikuwa nene kuliko nilivyoiona mwanzo.